Hati ya Kiwanja cha Biashara Yako Iko Mkononi mwa Nani?

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya kiwanja. Si kiwanja cha Kigamboni wala cha Bunju, bali kiwanja cha biashara yako kwenye intaneti. Wengi wetu tunajua taratibu za kununua ardhi. Tunaulizia mipaka, tunamwita mjumbe, tunataka mashahidi, na karatasi tukishaipata tunaificha kabatini chini ya nguo. Lakini inapofika zamu ya kufungua tovuti, yaani duka letu la kwenye intaneti, mtu yule yule aliyekuwa mkali wa mipaka humkabidhi kijana fedha na kumwambia, "Nitengenezee kitu kizuri." Basi, kamaliza. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Nina rafiki yangu, fundi samani wa Keko hapa Dar es Salaam. Jina lake naliweka akiba. Kwa wasiopajua, Keko ndiko unakopita ukapokewa na vitanda, makabati na makochi yaliyopangwa mpaka ukingoni mwa barabara. Rafiki yangu ana karakana ya mafundi sita. Miaka michache iliyopita alishauriwa afungue tovuti. Akampata kijana, akamlipa kwa simu, na baada ya majuma mawili tovuti ikawa hewani. Fundi wangu akafurahi. Jina la tovuti akaliandika kwenye bango la karakana, kwenye kadi, kwenye vitabu vya risiti, na kwenye mlango wa kirikuu kinachopelekea wateja mizigo.

Mwaka ukapita na ushei. Asubuhi moja akanipigia simu. "Kaka," aliniambia, "kuna mteja wa Dodoma anafungua nyumba ya wageni, anataka vitanda ishirini. Ameingia kwenye tovuti yangu, anasema amekuta mambo ya kamari. Mimi nachonga vitanda. Kamari nimeijulia wapi?"

Tulipochunguza tukaukuta mkasa wenyewe. Kijana alikuwa amelisajili jina la tovuti kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Baadaye akapata ajira mkoani, akaitelekeza anwani ile. Ada ya mwaka wa pili ilipofika, barua za kukumbusha zilikwenda mahali pasipo na msomaji. Muda wa jina ukaisha, jina likaachiwa, na mtu mwingine wa mbali akalichukua. Naomba tuelewane: kijana hakuwa tapeli. Kazi aliyoagizwa aliifanya. Hakuna aliyemwuliza jina linaandikwa kwa nani, naye hakuona sababu ya kuuliza. Na mteja wa Dodoma? Vitanda ishirini alivinunua kwingine.

Sasa tuanze na msingi. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, alipendekeza mfumo wa kurasa zinazounganishwa kwa kompyuta. Tovuti ya kwanza duniani ilikuwa hewani mwaka 1991, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa mfumo huo bure kwa ulimwengu mzima. Tovuti ile ya kwanza haikuwa na picha wala mbwembwe. Yalikuwa maneno matupu, yakieleza mradi wenyewe ni nini na mtu autumie vipi. Naikumbusha habari hii kwa sababu moja: tangu siku ya kwanza, kazi ya tovuti ni kumjibu mtu swali alilokuja nalo. Mapambo hufuata.

Tovuti yoyote, kubwa au ndogo, ina mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kunakotuponza. La kwanza ni jina, lile linaloishia na .com au kwetu Tanzania .co.tz. La pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, ambamo kurasa zako zinakaa. La tatu ni kurasa zenyewe: maneno, picha, bei na namba za simu. Chukua mfano wa nyumba. Kurasa ni nyumba uliyoijenga. Seva ni mahali nyumba hiyo inaposimama. Na jina ndiyo hati. Nyumba ikibomoka utajenga nyingine. Seva ikikusumbua utahamia nyingine, na wateja hawatajua kwamba umehama. Lakini hati ikiondoka, umeondoka nayo.

Tena hati yenyewe inafanana sana na hati zetu za ardhi. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma. Mwananchi hupewa haki ya kumiliki kwa muda, miaka 33, 66 au 99, naye hulipia pango la ardhi kila mwaka. Jina la tovuti ni vivyo hivyo. Halinunuliwi likawa lako milele. Unalisajili kwa wakala, unalipa ada ya mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha sharti ulihuishe. Kwa majina ya .com, jina likishafutwa kwa kutolipiwa, kwa kawaida mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa, tena kwa gharama kubwa kuliko ada yake. Zikipita hizo, haichukui hata juma zima jina likawa halali ya yeyote aliyewahi.

Usidhani usahaulifu huu ni wa akina sisi wenye karakana tu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft, pamoja na utajiri wake wote, ilisahau kulilipia jina la passport.com, ambalo wateja wa barua pepe zake za Hotmail walilitegemea ili kuingia. Watu wakashindwa kusoma barua zao. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Marekani, ambaye alilipa ada ya dola 35 kutoka mfukoni mwake. Ikiwa waliosahau ni matajiri wenye wanasheria na wahasibu, sembuse fundi wa Keko ambaye hata hiyo barua ya kumkumbusha haimfikii?

Najua yupo msikilizaji anayesema, "Mimi nina Instagram na WhatsApp, hayo ya tovuti ya nini?" Ni swali la haki. Wala sisemi kwamba kila mfanyabiashara anahitaji tovuti. Mama lishe ambaye wateja wake wote ni wafanyakazi wa jengo la jirani, anachohitaji ni simu yenye chaji na wali usiochelewa. Lakini mwenye kuuza kwa watu asiowaona, wa Dodoma, Mwanza au Mtwara, mambo yake ni mengine. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni sawa na kupanga bidhaa kwenye baraza ya duka la mtu. Barabara ni nzuri, wapitaji ni wengi, ila siku mwenye baraza akifunga mlango, nawe umefunga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Waliokuwa na mlango mwingine waliendelea kufikiwa. Waliokuwa na mlango huo mmoja walikaa wakitazama simu zao. Kwa hiyo baraza usiiache, itumie, lakini iwe ya kuwaelekeza watu kwako.

Haya, tuseme umeamua. Maandalizi yanaanzia wapi? Si kwa fundi wa tovuti. Yanaanzia kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule, na kwa muda wa majuma mawili andika kila swali analouliza mteja, awe amepiga simu au amesimama mlangoni. Usichague, andika yote. Rafiki yangu wa Keko, baada ya mkasa ule, alifanya hivyo. Maswali yaliyojirudia yalikuwa sita tu: Kitanda cha futi tano kwa sita ni bei gani? Ni mbao gani, mninga au mkongo? Kinachukua siku ngapi? Mnataka malipo ya awali kiasi gani? Mnasafirisha mikoani? Na mko Keko upande upi? Msikilizaji, hayo maswali sita ndiyo tovuti yake yote. Kila moja likijibiwa kwa aya fupi iliyo wazi, kazi ya maneno imekwisha. Yale maelezo marefu kwamba "sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora", ambayo ndiyo aliyoandikiwa mara ya kwanza, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuyauliza.

Kuhusu bei, tuna ugonjwa wetu wa "bei njoo inboksi". Mteja anayetafuta kitanda usiku wa saa tano haji inboksi, anakwenda kwa jirani yako aliyeandika bei. Ni kweli mbao zinapanda na kushuka. Basi andika bei inayoanzia, taja na mwezi ulioiandika, kisha eleza kinachoweza kuiongeza. Mteja mwenye akili ataelewa. Na lugha? Andika kwa lugha ambayo wateja wako wanakupigia nayo simu. Kama tisa kati ya kumi wanazungumza Kiswahili, Kiingereza cha kuazima kitakusaidia nini?

Upande wa picha, piga za kwako mwenyewe. Picha ya kochi la Italia iliyochukuliwa kwenye intaneti ni ahadi usiyoweza kuitimiza, tena ni mali ya mwenyewe. Simu ya kawaida inatosha. Toa kitanda nje asubuhi, kiweke kivulini mbele ya ukuta usio na mabango, ondoa maranda, kisha piga. Picha moja iwe na mtu amesimama pembeni, ili mteja ajue ukubwa wake.

Hapo hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika MB 4. Ukiweka picha kumi na mbili jinsi zilivyo, unamtaka mteja atumie MB 48 za bando lake ili aone vitanda vyako. Hatazitumia. Atafunga ukurasa kabla haujafunguka. Picha hizo hizo zikipunguzwa mpaka sehemu ya tano ya MB kila moja, zote kwa pamoja hazifiki MB 3, na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti. Vilevile mwambie fundi akuoneshe kazi kwenye simu, si kwenye kompyuta yake yenye kioo kama dirisha. Google wenyewe walitangaza mwaka 2016 kwamba wataanza kupima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu, na zoezi hilo walilitangaza kukamilika mwaka 2023. Tovuti inayopendeza kwenye kompyuta peke yake ni duka lenye mlango uani.

Sasa turudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye roho ya mazungumzo haya. Chagua jina fupi, na ulipime kwa kipimo cha sisi watu wa redio: mtajie mtu mara moja kwa simu, halafu mwambie aliandike. Akikosea, jina hilo halifai, hata kama ni zuri. Kisha tazama kama liko huru mahali pawili. Kusajili jina la biashara kwa BRELA hakukupi jina la intaneti, na kuwa na jina la intaneti hakukupi jina la biashara. Ni daftari mbili, ofisi mbili. Mwenye busara huangalia zote mbili kabla ya kumwita mchora mabango.

Kabla ya kulisajili, fungua anwani ya barua pepe ya biashara. Si ya kijana, si ya mpwa anayesoma chuo, bali ya biashara. Namba ya simu ya kuirejeshea anwani hiyo iwe laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Neno la siri lijulikane na watu wawili unaowaamini, na liandikwe mahali unapoweka vyeti vya watoto. Ukishafanya hivyo, jina likisajiliwa liandikwe kwa jina lako au la kampuni yako, kwa anwani hiyo. Fundi aweza kukaa pembeni akikuelekeza, lakini vidole vinavyoandika na fedha inayolipa viwe vyako. Tarehe ya kulihuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla.

Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiweka fomu inayowataka watu majina, namba za simu na mahali wanapoishi, unakuwa mkusanyaji wa taarifa za watu, na sheria inakutaka ujisajili kwa Tume na uzitunze. Kwa hiyo usiombe usichokihitaji. Mtu anayeulizia kabati, tarehe yake ya kuzaliwa unaitakia nini? Kadhalika, hakikisha tovuti inaanza na https, ishara kwamba mawasiliano kati ya mteja na tovuti yamefungwa na hayasomwi njiani. Zamani cheti cha kazi hiyo kilinunuliwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, mpango uitwao Let's Encrypt unavitoa bure, hivyo fundi akikutoza fedha nyingi kwa cheti hicho, mwulize vizuri.

Malipo usiyakimbilie. Si lazima duka jipya lianze siku ya kwanza kupokea kadi za benki za dunia nzima. Nchi yetu imekuwa ikitumiana fedha kwa simu tangu mwaka 2008. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, jina ambalo mteja ataliona kabla ya kuthibitisha, inatosha kwa kuanzia. Cha muhimu zaidi ni nani atakayejibu. Tovuti huleta simu, na simu isiyopokelewa humfukuza mteja kuliko bango bovu. Mteue mtu, mpe saa zake, na saa hizo uziandike kwenye ukurasa.

Mwisho ni makubaliano na fundi. Si lazima wakili. Karatasi moja yatosha, ikiwa na mambo matano. Moja, jina na nafasi ya seva vimesajiliwa kwa mwenye biashara. Mbili, maneno yote ya siri yatakabidhiwa siku kazi itakapokwisha. Tatu, nakala nzima ya tovuti itatolewa na kuhifadhiwa na mwenye biashara. Nne, gharama ya kila mwaka ni kiasi gani, na inalipwa kwa nani. Tano, kubadilisha bei au picha kutafanywa na nani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani. Mtieni sahihi wote wawili. Fundi mwaminifu hatachukia. Atafurahi, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda hata yeye, asije akaitwa mwizi kwa kosa la kuhama mji.

Mtaniuliza, rafiki yako wa Keko aliishia wapi? Jina lake la kwanza hakulipata tena. Aliambiwa kwamba aliyelichukua yuko tayari kuliuza, lakini bei aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko vitanda ishirini vya Dodoma. Akachagua jina jingine. Bango likapakwa rangi upya, kadi zikachapwa upya, na mlango wa kirikuu ukafutwa na kuandikwa tena. Ukiutazama kwa karibu bado unayaona yale maandishi ya zamani kwa chini, kama kovu. Yule kijana aliyeko mkoani alipopigiwa simu alisikitika sana. "Mzee, nisamehe, sikujua," alimwambia. Naye akamsamehe, na ndiye huyo huyo aliyemtengenezea tovuti mpya. Safari hii walikaa naye mezani, na jina likasajiliwa na mzee mwenyewe, kwa vidole vyenye gundi ya mbao, herufi moja baada ya nyingine.

Nilipomtembelea mwezi uliopita nilimwuliza karatasi za tovuti ameziweka wapi. Hakunijibu. Aliniongoza mpaka chumba cha nyuma, akafungua kabati la mninga alilolichonga mwenyewe, akainua mashuka. Pale chini zilikuwa karatasi mbili katika bahasha moja: hati ya kiwanja chake cha Mbagala, na karatasi ya tovuti.

Nawe msikilizaji, kama tayari unayo tovuti, leo kabla hujalala mpigie fundi wako umwulize swali moja tu: jina limeandikwa kwa nani? Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia.